Swichi Chini ya Kiti

Wahenga waliotuachia methali ya kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na magari. Walikuwa wakisema habari za chawa. Mtu huwashwa, akalaumu mkeka, akamlaumu jirani aliyemkaribisha, akailaumu nyumba nzima, kumbe mdudu amejificha katika pindo la shati lake mwenyewe, na damu anayokunywa ni ya mwenye shati. Ndiyo maana methali haisemi kikulacho ki karibu nawe. Inasema nguoni mwako: kitu ulichokivaa kwa hiari, ukakifunga vifungo, ukatoka nacho mbele za watu ukidhani kinakusitiri. Anayeona neno hili ni la chawa tu na asikilize yaliyompata Lukmani, dereva wa mji wa Baraka kando ya ziwa, katika miaka ya vita vya pili vya nchi yao.

Katika miaka hiyo uchovu ulikuwa umewaingia watu wa Baraka kama unyevu unavyouingia ukuta wa udongo, kimyakimya, kuanzia chini. Bunduki zilibadilisha wenyewe. Watu walikimbilia Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kwa mitumbwi, wakarudi, wakakuta milango yao imegeuzwa kuni, wakatundika mikeka penye milango, wakakimbia tena. Hata mbwa walikuwa wameacha kubweka. Ila jambo moja halikubadilika: kila kundi lililoingia mjini lilitaka magari, na hakuna hata moja lililojua maana ya neno kuazima.

Madereva nao walibuni mila yao, wakaiita kulaza gari. Dereva akifika nyumbani aling'oa kitu kimoja kidogo katika injini, kile ambacho bila hicho gari haliwaki, akaenda nacho. Mmoja alikificha ndani ya kofia, mwingine ndani ya chungu cha unga. Dawa hiyo ilifaa msimu mmoja tu. Wenye bunduki walipoigundua, hawakuhangaika tena na magari. Walihangaika na madereva. Norbert, aliyeendesha lori la parokia, alifungwa kamba kwenye gurudumu la lori lake mwenyewe mpaka akakumbuka alikoweka kile kidude, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto haukupanda tena juu ya bega.

Lukmani alimtazama Norbert, akaenda kukaa peke yake na mawazo yake. Gari lake lilikuwa dogo, jekundu, lililozaliwa Japani na kuzeekea Baraka. Mbele ya injini, mgongoni mwa rejeta, lilikuwa na feni mbili za umeme. Gari likienda kasi, upepo wa njia hupoza maji ya rejeta wenyewe. Likienda polepole au likisimama, ni feni hizo zinazopuliza. Zikikataa kuzunguka, maji huchemka, na injini iliyochemka haifiki mbali. Basi Lukmani akaukata waya unaozipelekea feni umeme, akaurefusha, akaupitisha chini ya zulia mpaka chini ya kiti chake, na katikati akafunga swichi ndogo ya taa ya kitandani aliyoiokota katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbilia Kigoma. Swichi ikiwa imezimwa, feni hazipati umeme. Gari na liwake, alijiambia. Walichukue, walifurahie, halafu liwafie mikononi.

Lilichukuliwa mara mbili. Mara ya kwanza lilichemka kwenye kilima cha kwendea Fizi, mara ya pili kabla ya daraja la mto Mutambala. Mara zote mbili wenye bunduki walilipiga teke, wakalitukana, wakaendelea kwa miguu. Lukmani alifuata nyuma na dumu la maji, akangoja lipoe, akatia mkono chini ya kiti, akabonyeza swichi, tik, akarudi nalo nyumbani taratibu kama mtu anayetoka kusali. Hakujiuliza kila mchemko uliacha nini ndani ya injini. Wala hakumwambia mtu habari za swichi, hata Zubeda mkewe. Ulimi mmoja ukiijua siri, aliwaza, ukikamatwa utawajulisha wote.

Kwa gari hilo aliweka ahadi moja tu, lakini ilikuwa ahadi nzito. Jamila, binti yao, alikuwa na mimba, na mume wake alikuwa amekwama ng'ambo ya ziwa. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa kupasuliwa. Daktari wa hospitali ya Nundu alikuwa amemwonya asithubutu kuzalia nyumbani mara ya pili: kovu lile lisingestahimili. Zubeda alitaka wampeleke Nundu mapema, akangoje siku zake huko. Lukmani akakataa. Nundu ilikuwa imefurika wakimbizi waliolala barazani mwa watu, alisema, na yeye akiwa hai na gari likiwa hai, binti yake hatalala barazani kama mzigo usio na mwenyewe. Uchungu ukianza, atampeleka mwenyewe. Zubeda alishindana naye kwa maneno, kisha kwa kimya, kisha akachoka. Katika miaka ile watu walishindwa mabishano mengi kwa sababu ya kuchoka tu.

Ndipo gari likaanza kuugua.

Lilichemka likitoka sokoni, penye msongamano wa watu na mbuzi. Siku nyingine lilichemka likiwa limesimama kusubiri mama mmoja afungashe mihogo yake. Lukmani aliwaza haraka, na mawazo yake yote yalitazama nje. Kwanza alimshuku mwuza petroli, kwamba amechanganya. Halafu akayashuku maji ya kisima, kwamba yana chumvi. Halafu akalikumbuka jicho la jirani fulani aliyelisifu gari bila kutaja jina la Mungu.

Bahati, au ndivyo Zubeda alivyodhani, nyumbani kulikuwa na fundi. Sadiki, kaka yake Zubeda, alikuwa ametembea kutoka Kilembwe baada ya karakana alimokuwa akifanya kazi kuchomwa moto. Alifika na mfuko wa bisibisi mgongoni na miguu iliyovimba kama viazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila kwa shemeji yake hakujizuia, maana utani wa mashemeji hata vita havikuufuta.

Asubuhi moja aliwasha gari uani, akaliacha lingurume, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Aliuliza linachemka wapi na lini, na Lukmani alipomweleza, akacheka, akajibu kwa lafudhi ya kwao, inayowaita watu batu.

"Shemeji, hii gari imefuata tabia yako. Ikikimbia peke yake iko sawa. Ikikaa pamoja na batu, inapanda hasira."

Akaeleza kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe. Gari linalopona likikimbia na kuugua likisimama halina kosa la petroli wala la chumvi, linakosa upepo. Ni feni. Akafungua mfuko wake, akaanza kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja. Alichukua nyaya mbili, akaziunganisha feni moja kwa moja na betri: zikazunguka kwa nguvu mpaka majani makavu yakaruka uani. Basi mota za feni ni nzima. Akachomoa fyuzi, akaitazama juani: nzima. Akaenda penye kidude cha rejeta kinachopima joto, ambacho mafundi wa huko huita sonde, akaziunganisha nyaya zake mbili kwa pini ya nywele ya dada yake. Ndani ya boneti kitu kikalia, klik, kuonyesha kwamba amri ya kuzungusha feni imetoka. Feni hazikutikisika.

"Amri imetoka, askari hawaendi," alisema. "Umeme unapotelea njiani."

Akashika balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaanza kuufuata waya wa feni sehemu kwa sehemu, akiigusisha balbu ili aone umeme unaishia wapi. Waya ule ulipaswa kwenda mbele moja kwa moja. Badala yake uligeuka, ukapenya tundu, ukaingia ndani ya gari, ukapotea chini ya zulia.

"Shemeji, hii waya inakwenda wapi?"

Lukmani, aliyekuwa ameegemea mlango, alijiinua akasimama wima. Alisema ni waya wa radio.

Sadiki akachungulia. Penye radio palikuwa tundu tupu. "Radio iko wapi?"

"Waliiiba."

"Basi waya inaimbia nani?"

Zubeda, aliyekuwa akipepeta mchele karibu, alicheka kidogo, na kicheko hicho kilimchoma Lukmani. Akamwambia Sadiki kwa ukali aliache zulia, aache kufumua gari la watu kama kuku anayeparura jalala. Ndani ya kifua chake alikuwa na hoja aliyoiona ni nzito: swichi imewashwa, ameibonyeza mwenyewe asubuhi na kuisikia ikilia tik, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa hapo. Sasa ya nini kumwonyesha mtu mahali pasipo na kosa?

Sadiki akapangusa mikono. Alishauri jambo lingine, rahisi na la haraka. Wachukue waya mpya, waziunganishe feni na betri moja kwa moja, ziwe zinazunguka wakati wote injini ikiwaka. Betri italalamika, ndiyo, lakini injini itaishi.

Hilo nalo Lukmani akalikataa. Alisema betri yake ni nzee. Ukweli ni kwamba feni zikiunganishwa hivyo, mtego wake umekufa. Yeyote atakayelichukua gari atafika nalo Uvira akipiga honi. Alitazama kule ziwani, akawaza juu ya wenye bunduki ambao siku ile hawakuwepo, akamwacha aliyekuwepo amesimama mbele yake na waya mkononi.

"Haya," alisema Sadiki. "Mugonjwa amekataa sindano, amekataa na kidonge. Mi naenda kuoga."

Jioni Lukmani alipotia mkono chini ya kiti kulilaza gari, aliikuta swichi ina joto, na puani akasikia harufu kama ya kitana kilichoangukia moto. Lakini siku hizo kila kitu Baraka kilikuwa cha moto na kila kitu kilinuka kuungua. Akabonyeza. Tik. Akaridhika.

Kesho yake feni zilizunguka.

Hakuna aliyezigusa. Ndani ya ile swichi, iliyokwisha kuungua nusu, vipande viwili vya shaba vilikuwa vimegusana tena kwa bahati, kama watu wawili waliogombana wanavyogongana mlangoni. Lukmani hakulijua hilo. Alichoona ni kwamba gari liliugua Sadiki alipofika na likapona Sadiki alipoacha kuligusa. Akaunganisha mambo hayo mawili moyoni mwake, na fundo likakaza. Jioni, mbele ya majirani waliokuja kuota moto, alisema kwamba fundi anayekula kwako hawezi kutaka gari lako lipone upesi. Wangeishia hapo, pengine lingepita. Lakini mmoja akauliza, kama anayeuliza bei ya dagaa, kule Kilembwe siku hizi wanatawala watu gani. Na Lukmani, badala ya kumnyamazisha, akasema kwamba hata yeye amekuwa akijiuliza shemeji yake alipitaje peke yake katika njia zile zote bila kuguswa.

Katika mji ule, wakati ule, neno kama hilo halikuwa neno. Lilikuwa kidole. Mtu aliyenyooshewa kidole hicho jioni, asubuhi angeweza kuulizwa na watu wasiosubiri majibu.

Sadiki alilisikia. Alikunja mkeka wake, akachukua mfuko wa bisibisi, akaenda kulala kwa wavuvi ufukoni, ambako alipata kazi ya kutengeneza mashine za mitumbwi. Zubeda alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi, alimkuta mumewe akipangusa gari kwa kitambaa.

"Baba Jamila," alimwambia, "ndugu yangu alikimbia bunduki. Amefika hapa, akakuta ulimi wako."

Baada ya hapo alimpikia, alimfulia, alimjibu salamu. Zaidi ya hayo hakumpa kitu.

Uchungu wa Jamila ulianza asubuhi ya mvua. Zubeda alifunga kanga zake mbili, akamtoa binti yake mlangoni akimshika kiuno, na alipofika penye gari akasimama. Alisema hapandi bila kaka yake. Lukmani akasema hakuna wakati. Zubeda akasema wakati ulikuwepo, tangu mwezi uliopita, na waliukataa. Basi wakapitia ufukoni. Sadiki aliosha mikono yake yenye mafuta ziwani, akaingia mbele, akafunga mlango. Hakumsalimu shemeji yake. Aligeuka nyuma, akamgusa Jamila kichwani, akamwambia, "Mutoto wangu, kaza roho. Nundu haiko mbali."

Na kweli, njia ikiwa njia, Nundu haiko mbali na Baraka. Lakini vita vilikuwa vimeila barabara kama mchwa anavyokula mlango, ukabaki umbo tu. Mvua iligeuza udongo kuwa uji. Gari lilitambaa, likateleza, likajikwamua. Walivuka Mutambala salama, na Lukmani akaanza kupumua. Mbele kidogo wakakuta kamba imefungwa kati ya miti miwili, na vijana wenye bunduki wamejikunyata chini ya turubai. Waliwasimamisha. Hawakuwa wakali, walikuwa wamechoka kama watu wote. Mmoja alikwenda kumtafuta mkubwa wao ili atoe ruhusa, na mkubwa alikuwa akila. Lukmani hakuthubutu kuzima injini, kwa sababu stata ilikuwa ya kubahatisha. Wakakaa hapo, gari likinguruma mahali pamoja, nyuma Jamila akiuma kanga ya mama yake.

Lukmani akaisikia ile harufu. Safari hii hakuwa na kitu kingine cha kuisingizia. Alijifanya anavuta kiti, akateremsha mkono, akaitafuta swichi. Ilikuwa laini kama nta. Alibonyeza. Haikulia. Alibonyeza tena, ikashikamana na kidole, ikamuunguza.

Hapo ndipo alipojua. Na tuseme wazi, bila kumwonea wala kumbembeleza: mpaka hapo alikuwa mtu aliyekosea. Kuanzia hapo akawa kitu kingine. Fundi alikuwa ameketi ubavuni pake na mfuko wa bisibisi magotini, na maneno ya kusema yalikuwa machache kuliko ya kuomba maji. Lakini kuyasema ilikuwa kukiri mbele ya mkewe na binti yake kwamba mtu waliyemfukuza alikuwa ameshika waya wenyewe mkononi. Lukmani akalitia neno chini ya ulimi. Aliwaza, tukitoka hapa nitakwenda kasi, upepo wa njia utatupoza. Mpaka kijiji cha Mboko tu. Tukifika Mboko nitasimama, nitatengeneza mwenyewe.

Kamba ikashushwa. Lukmani akakanyaga mafuta, lakini tope halijui kasi. Joto likaanza kupanda miguuni, na sauti ya injini ikageuka, ikawa kama ya mtu anayesaga meno.

Sadiki alikuwa akisikiliza. "Shemeji," alisema polepole, akitazama mbele. "Ile waya. Niambie tu. Sitauliza kitu kingine."

"Hakuna kitu," alisema Lukmani.

Mboko hawakufika. Mvuke ulitoka chini ya boneti, mweupe, mwingi, ukakifunika kioo. Ndani ya injini kitu kikavunjika kwa mlio mkavu, kama mfupa, na gari likajikokota hatua chache likasimama lenyewe kando ya shamba la mihogo. Zikabaki sauti za mvua juu ya bati la gari, na za Jamila.

Sadiki alishuka, akafungua boneti, akarudi nyuma uso ukiwa umelowa mvuke. Lukmani naye akashuka. Alisimama kwenye tope akitazama viatu vyake, na hatimaye neno likatoka, dogo, limechakaa kwa kufichwa.

"Iko swichi. Chini ya kiti. Niliiweka mimi, kwa ajili ya batu ba bunduki."

Sadiki akazunguka mpaka mlango wa dereva. Kisha akainama, akainua zulia, akavuta nyaya, na mwisho wa nyaya ukatoka na donge jeusi la plastiki. Akalishika kiganjani.

"Hii ilizaliwa kuwasha balbu moja," alisema. "Wewe ukaitwika feni mbili."

Akakata waya pande zote mbili, akazimenya ncha kwa meno, akazisokota pamoja. Ilikuwa kazi fupi kuliko kuvuta sigara. Akamwomba Lukmani azungushe ufunguo bila kuwasha injini, na feni zote mbili zikazunguka, nyepesi, bila kusitasita, zikipuliza injini iliyokwisha kufa.

Zubeda aliliona hilo kupitia dirisha. Alifungua kanga yake ya juu, akampa kaka yake ya kumbebea Jamila.

Wakulima waliokuwa wamejikinga na mvua walitoka kibandani kwao. Walikata miti miwili, wakafunga kanga, wakatengeneza tipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, wakamlaza Jamila. Hawakuuliza kabila wala dini. Sadiki alishika mbele, mkulima mmoja mzee akashika nyuma, wengine wakapokezana. Lukmani alipotaka kuingia zamu, mkewe alimwambia abebe mfuko. Akaubeba. Alitembea nyuma yao njia nzima, akizitazama nyayo za watu wengine zikibeba alichoapa kukibeba yeye.

Nundu walifika jua limekwisha kuinama. Jamila alipasuliwa, akaishi. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima viungo vyote, na hakulia. Muuguzi hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba mtoto alichoka kungoja. Walimzika siku iliyofuata, asubuhi, nyuma ya msikiti mdogo, Sadiki akichimba na Lukmani akitoa udongo kwa mikono. Walipomaliza, Sadiki aliketi kando ya kaburi akapumua, na Lukmani akamwomba radhi kwa lile neno la jioni ile mbele ya majirani. Sadiki akajibu kwamba mwenye kuombwa radhi amelala humo kaburini, hajui kusema bado. Kisha akaondoka kwenda kumtazama Jamila.

Lukmani hakuwa na ujasiri wa kuingia wodini. Alirudi kwa miguu mpaka penye gari. Kutoka mbali aliona watu wamelizunguka: wale wale vijana wa kwenye kamba, na mkubwa wao. Miaka yote alikuwa ameiogopa picha hiyo. Alishangaa kuona kwamba moyo wake haukushtuka. Walikuwa wamefungua boneti na milango. Hawakuwa wamechukua kitu, hata betri, kwa kuwa mmoja wao, aliyewahi kuwa utingo, alikuwa ameonja mafuta ya injini na kuona maji ndani yake, akawaambia wenzake kwamba hata kulisukuma ni hasara.

"Muzee, hii gari ni yako?" aliuliza mkubwa. Lukmani akaitikia. "Pole. Iliisha kabisa. Tulikuwa tunaitafuta tangu zamani, tunaambiwa iko Baraka gari moja nyekundu ingali nzima." Akalipigapiga bodi kwa kiganja, karibu kwa huruma. "Ni nani alikuulia? Batu ba mulimani, ao ba ile ingine upande?"

Lukmani angeweza kutaja upande wowote. Wangemwamini, wangemtukania adui, pengine wangempa sigara. Alimtazama yule kijana, akautazama mkono wake mwenyewe, penye alama ya kuungua kwenye ncha ya kidole.

"Ni mimi," alisema.

Vijana walicheka, wakidhani mzee anatania. Walishusha boneti kwa adabu, wakatundika bunduki mabegani, wakaenda zao bila kumchukulia kitu. Akabaki peke yake kando ya shamba la mihogo, mtu aliyewalinda wote dhidi ya kila mgeni. Na lililomlaza mjukuu wake udongoni halikutoka mlimani wala ziwani, alilifunga yeye kwa vidole vyake, akalikalia, akalipeleka kila alikokwenda. Kikulacho ki nguoni mwako.